Mwalimu Aliyesema Ameziona

Sijawahi kumwona Mwalimu wa Bayolojia ameketi. Miaka minne nilisoma katika shule ile ya bweni ya wasichana juu ya Runyenjes, na miaka yote minne kiti chake maabarani kilikuwa cha kuwekea koti. Alifundisha akitembea. Alisahihisha madaftari akitembea. Chai ya saa nne aliinywa akizunguka uwanja, kikombe mkononi, na ukitaka kumuuliza swali ilibidi umfuate mbio mbio. Mimi nina miguu mifupi, kwa hiyo mara nyingi nilipata nusu ya jibu.

Huenda ndiyo sababu tulielewana haraka na kukosana haraka. Mimi pia situlii. Mama alikuwa akiniambia natembea kama mtu aliyekanyaga siafu. Hata sasa naandika nikiinuka kila baada ya mistari miwili kwenda kutazama sufuria ambayo haina kitu. Lakini nataka kueleza alivyokuwa, na nataka kusema wazi nilichomfanyia, kwa sababu mimi ndiye niliyempa jina la mzaha lililomfuata mpaka sokoni na halikumwacha hata nywele zake zilipokuwa nyeupe. Miaka mingi nilijiambia kwamba ulikuwa utoto. Haukuwa utoto. Nilijua nilichokuwa nakifanya.

Hakutuita kwa majina yetu. Alituita kwa sehemu tulizotoka, na mimi nilikuwa Laare tangu siku ya kwanza. "Laare, hiyo ni seli au ni mbuzi umechora?" Darasa lilicheka na mimi nikacheka, maana kwa kweli ilifanana na mbuzi.

Somo lake kubwa lilikuwa seli. Mambo mengine ya silabasi, minyoo, mizizi, mifupa, aliyapita kama mtu anayekatiza shamba la jirani. Akifika kwenye seli ya mnyama sauti ilishuka na mwendo ukapungua kidogo. Silabasi ilitaka afundishe kwa Kiingereza, naye alianza kwa Kiingereza vizuri tu, lakini akishaingia ndani ya seli alihamia Kiswahili, kwa sababu darasa lilikuwa na Wameru, Waembu na Wambeere na hakutaka mtu abaki nje. "Twendeni ndani," alisema, na akachora ubaoni utando wa seli kwa mkono mmoja bila kuinua chaki. Mduara wake ulifunga pale pale ulipoanzia. Tulijaribu sana kumwiga, hakuna aliyeweza.

Alikuwa na njia yake ya kazi ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila mmoja alipewa sehemu moja ya seli akaenda nayo nyumbani likizo, arudi atuambie ni nani kwao anayefanya kazi hiyo. Msichana wa Runyenjes alirudi na mitokondria: ni tanuri la kiwanda cha chai, alisema, usipotia kuni hakuna mashine inayozunguka. Yule wa Maua, ambaye baba yake alikuwa na magari ya kusafirisha miraa, alisema retikulamu ni barabara za baba yake, mzigo ukikaa njiani umeharibika. Yule wa Kiritiri alipewa lisosomu, zile zinazovunjavunja uchafu wa seli, akasema ni nyanya yake anayechoma takataka za boma kila Jumamosi pamoja na viatu vya watu. Mwalimu alisimama, jambo la nadra, akafikiri. "Huyo nyanya achungwe," alisema. "Lisosomu ikipasuka hula hata nyumba yenyewe."

Mimi nilipewa vifaa vya Golgi. Sikwenda mbali. Mama alifungasha miraa Laare tangu nipate akili, ameketi na wanawake wenzake, matawi yakija kutoka shambani anayachambua, anayafunga mafungu, anayafunika kwa majani ya mgomba yasinyauke, kisha anaweka alama ili anayechukua ajue hili ni la nani na linakwenda wapi. Niliposimama kueleza sikumaliza. Mwalimu alinikatiza akaanza kuzunguka meza. "Mmesikia? Protini haitoki kwenye seli hivi hivi uchi. Inafungwa, inaandikwa anwani, ndiyo inatoka. Mama wa Laare anaijua hii kazi kuliko mimi." Mama hakumaliza shule ya msingi. Nilipomwambia alisema huyo mwalimu anapenda maneno, lakini aliniuliza mara mbili zaidi alisemaje.

Matokeo yake yalikuwa kwamba katika mtihani wa muhula nusu ya darasa tuliandika Golgi hufunga protini kwa majani ya mgomba. Walimu wengine walilia kwa kicheko katika chumba chao, tuliwasikia. Yeye alimpa kila mmoja nusu alama. Kazi ni sahihi, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, jani si sahihi.

Alipenda kusema kwamba kitu kilichotulia kabisa kimekufa. Aliyasema hayo juu ya seli, kwamba ukiiona imenyamaza kwenye picha ujue picha ndiyo imenyamaza, ndani watu wako kazini. Nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Mke wake, aliyeuza vitambaa mjini Runyenjes, aliniambia baadaye kwamba hata usingizini miguu ya mzee haikutulia.

Mke huyo ndiye pia aliyesema lisosomu za mzee wake zimegoma. Maana mtu huyu aliyetufundisha kwa ukali kwamba seli isiyotupa uchafu inakufa hakutupa kitu chochote. Nyumba yake ilijaa chupa tupu, betri zilizokufa, karatasi za mitihani ya wasichana waliokwishapata wajukuu. Ukimuuliza, alisema zitafaa. Na kahawa yake ilikuwa ya mwisho kuvunwa kijijini. Majirani walikuwa wakichuma naye amesimama kwenye mti mmoja na lenzi, anatazama ugonjwa kwenye jani kana kwamba ni barua imetoka kwa ndugu. Kahawa ya watu ilikuwa ikifika kiwandani, yake ikianguka chini.

Lakini kwenye kuchora hakuwa na mchezo. Penseli kali, mstari mmoja, hakuna kivuli. Mfukoni mwa koti alibeba kiberiti kitupu, na ndani yake nusu ya wembe. Alipita nyuma yetu, akiona penseli butu anaichukua bila neno, anaichonga juu ya kiganja chake mwenyewe, anairudisha. Kisha alikuwa na lile neno lake ambalo kila msichana aliyepita mikononi mwake analijua: chora unachokiona, usichore unachokijua. Ukiweka kivuli alama imekwenda. Ukiongeza kitu ambacho hakipo kwenye lenzi, alama zote zimekwenda, kwa sababu sasa wewe ni mwongo, na mwongo hana kazi maabarani. Hayo ni maneno yake.

Sasa nifike pale.

Tulikuwa Kidato cha Pili. Shule ilikuwa na hadubini moja, aliyoifunika kwa taulo la nyumbani kwake. Tulipangusa mashavu kwa ndani, tukapaka kwenye kioo, tukatia tone la rangi ya buluu, tukapanga foleni. Nilipofika nikaona seli ya shavu langu: mpaka wake, kiini chake katikati, na baina yao ukungu mtupu. Ile mitokondria ya Runyenjes haikuwepo. Wala Golgi ya mama haikuwepo. Niliinua kichwa nikasema sizioni. Akasema ni ndogo mno. Nikamuuliza, na darasa zima lilikuwa linasikiliza, "Mwalimu, wewe umeshaziona?"

Alikuwa anatembea. Hakusimama. Akasema, "Nimeziona. Kwa hiyo hiyo hadubini."

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikwenda maktaba. Wiki iliyofuata, kabla hajafungua kinywa, nilisimama na kitabu nikasoma kwa sauti kwamba sehemu hizo huonekana vizuri kwa mashine kubwa inayotumia elektroni, na kwamba kwa hadubini ya kawaida ya shule mwanafunzi asitarajie kuziona. Kisha nikafunga kitabu nikasema, chora unachokiona, usichore unachokijua. Nilisema kwa sauti yake. Darasa lilipasuka kwa kicheko.

Hakunipiga wala hakunitoa nje. Alichukua chaki akaendelea pale alipokuwa ameachia, lakini mduara wake siku hiyo haukufunga, niliuona mwanya. Kufika jioni nilikuwa nimempa jina la Nimeziona. Shule ilipofungwa tulishuka nalo mlima. Mwaka haukuisha, waendesha boda boda wa Runyenjes walikuwa wakimuuliza kwa adabu ya uongo, "Mwalimu, umeziona?" naye alikuwa akiwapungia mkono akipita haraka. Wengi wao hawakujua hata ni nini kinachoonwa. Nilimsikia mmoja akimwita hivyo mbele ya mke wake, nikaingia dukani kujificha nyuma ya magunia ya mahindi. Sikwenda kuomba msamaha. Nilitaka kwenda kila muhula, na kila muhula nilipata sababu.

Miaka imekwenda. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Embu, naishi mtaa wa Majimbo, na kazi yangu ni kuandaa vioo ambavyo wengine wanavitazama. Miezi michache iliyopita mhadhiri mmoja aliniomba niwaandalie wanafunzi seli za shavu kwa rangi ya kijani ambayo sikuwa nimewahi kuitumia. Nikafuata maelezo. Nikaweka lenzi kubwa kabisa, ile inayotumbukizwa kwenye tone la mafuta, nikainama. Zilikuwepo. Nukta na vijiti vidogo, buluu inayokaribia kijani, ndani ya ule ukungu wa zamani. Mitokondria. Kwa hadubini ya kawaida, kwa seli ya shavu, kama alivyosema.

Nilitoka nje nikazunguka jengo mara tatu. Hadubini yetu kule shuleni ilikuwa na lenzi ile ya mafuta, aliitunza kwenye mkebe wa kahawa na kutuonyesha mara moja kwa mwaka. Alichokosa ni chupa moja ya rangi, ndogo kuliko kidole gumba. Yaani kitabu changu kilikuwa sahihi na hakikuwa sahihi, na yeye alidanganya juu ya kitu ambacho kilikuwa kweli. Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijua lazima nimwonyeshe, na nilijua nitaendelea kuahirisha, maana ndivyo nilivyo.

Kisha nilikwenda kliniki ya macho kuchukua miwani, na kwenye korido mzee mmoja alikuwa akitembea huku na huku kati ya watu walioketi, mkono ukigusa ukuta. Mke wake alimbembeleza akae. Nilisema tu, shikamoo Mwalimu. Akageuza kichwa pembeni, si kwangu hasa.

"Laare," akasema. "Bado una sauti ya kugombana."

Mke wake alinivuta kando. Ni presha ya macho, alisema. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linafunga kutoka pembeni kuja katikati, na daktari amesema kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kushikilia kilichobaki, nacho si kingi. Nikauliza ni muda gani. Akasema hajui, pengine halitamaliza hata mvua hii. Hapo hapo, nikiwa bado nimeshika miwani yangu mkononi, nikamwambia amlete chuoni Alhamisi. Sikueleza sababu. Kama ningeeleza ningelia.

Alhamisi hiyo wanafunzi walikuwa likizo. Nilifika mapema nikafuta meza ambayo ilikuwa safi. Rangi ile ina haraka yake, dakika chache inaanza kufifia, kwa hiyo nilipanga vioo vitatu tayari. Walipoingia, Mwalimu alisimama mlangoni akavuta hewa ya maabara, akatabasamu. Kisha akaanza kupoteza dakika zangu. Aligusa meza zote. Akauliza habari ya masinki. Mke wake alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha akasema, huyu mzee wako, mpe kiti basi, na sote watatu tulijua hatakikalia.

Nilimwambia nina kitu nataka akione. Nikampa pamba, akapangusa shavu lake mwenyewe kwa ndani, taratibu, kama alivyotufundisha. Nilipaka kwenye vioo vyote vitatu, cha kwanza nikakitia tone la kijani, nikashusha lenzi kwenye mafuta, nikatazama. Zilikuwepo, zake mwenyewe. Nilimshika bega nikamwelekeza. Aliinama akiwa amesimama, mikono miwili juu ya meza, jicho la kulia kwenye lenzi.

Alikaa hivyo muda mrefu. Sijawahi kumwona ametulia namna ile. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea.

"Naona mpaka," alisema mwishowe. "Naona kiini. Basi."

Nilimwambia rangi hii hufifia upesi, nikarekebisha mwanga. Nikabadilisha kioo, nikatazama mwenyewe kwanza, ziko, nikamrudisha. Naona mpaka, naona kiini. Kioo cha tatu, vile vile. Kisha akanyoosha mkono pembeni akaomba karatasi na penseli. Alichora polepole, karatasi karibu na uso. Nilijikaza nisichungulie, nikachungulia. Mduara ulikuwa unatetemeka lakini ulifunga. Kiini katikati. Baina yao hakuna kitu, karatasi nyeupe.

Nilitamani anidanganye. Mimi, niliyesimama mbele ya darasa na kitabu, nilitamani mzee huyu aseme lile neno moja tu, kisha twende tukanywe chai. Angesema nimeziona, ningemshukuru maisha yangu yote.

"Hiki ndicho nilichokiona," alisema. "Siwezi kuongeza."

Nikamwambia kuhusu jina. Nikamwambia ni mimi niliyelianzisha, kwamba nilijua litamwumiza, kwamba nilimwona sokoni nikajificha. Maneno yalitoka ovyo ovyo. Mke wake aliangalia nje dirishani. Mwalimu alisubiri nimalize.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Lakini jina nilijipa mwenyewe. Uliuliza swali zuri, nikakujibu uongo. Sikuwa nimeziona. Mpaka leo sijaziona." Akapapasa ukingo wa meza. "Mlikuwa mnaniangalia wote. Niliogopa nikisema sijui, mtafunga vitabu. Na niliona aibu, Laare. Kila mwaka nachora kitu ambacho sijakiona."

Niliinama nikatazama tena kile kioo cha tatu.

"Wewe unaziona?" akauliza. "Sasa hivi? Si zile za kitabuni?"

"Naziona, Mwalimu. Ziko nyingi. Zinatetemeka."

"Zinatetemeka," alirudia. Alisema tena, taratibu, kwa mke wake, kana kwamba ni habari ya mtu wanayemjua wote wawili. Kisha akanisogezea ile karatasi. "Basi chora hapa kando ya mchoro wangu. Kwa haraka, kabla rangi haijakwisha. Mimi nitakuamini."

Niliinama. Jicho moja kwenye lenzi, jingine kwenye karatasi, kama alivyotuzoeza. Rangi ilikuwa imeanza kupauka lakini bado zilikuwepo, nikawa nachora kijiti, nukta, kijiti, bila kivuli, nikifuata zile zinazoonekana na kuziacha zilizofifia hata kama nilijua ziko wapi. Nilimsikia amekuja nyuma yangu akasimama pale alipozoea kusimama. Machozi yalinisumbua, nikayapangusa kwa mkono wa koti, nikaendelea. Niliikandamiza penseli mno, ikawa butu.

Hakuiona. Sijui alijuaje, labda ni mlio wake kwenye karatasi. Mkono wake ulikuja begani kwangu ukaichukua penseli bila neno. Akatoa kiberiti mfukoni, akatoa wembe, akaanza kuichonga juu ya kiganja chake, akipima ncha kwa kidole gumba, macho yake yakiwa yametazama ukutani. Kisha akanirudishia.

"Endelea," alisema.